Ulinzi kwenye pool: kumnyima mpinzani pigo na kumchosha akili bila kufungua mdomo

Nyeusi_Mwisho

Wakuu, nyuzi za pool mara nyingi huishia kwenye kuingiza. Huu ni wa mapigo yasiyoingiza kitu. Nazungumzia hasa meza zetu za baa, zile za sarafu na mipira midogo, unamaliza kundi lako kisha nyeusi. Wa mipira tisa waje wachangie pia, huko ulinzi una sheria zake.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanza kumaliza wakati huwezi kumaliza. Kabla ya kuingiza wa kwanza, soma meza kutoka mwisho: nyeusi itaingia shimo gani, mpira wako wa kabla yake utaacha mweupe (ule wa kupigia) wapi, na je, kuna mpira wako uliobanwa na wa mpinzani au ulionata ukingoni? Kama upo uliobanwa na huoni pigo litakaloubandua huku ukiingiza mwingine, simama. Ukiingiza sita ukakwama na wa saba, umemsafishia jamaa meza. Njia zake zote ziko wazi, na wewe umebakiwa na mpira mmoja ambao yeye anaweza kukufichia kutoka pande zote. Mwenye mipira mingi mezani ana ulinzi mwingi, kwa sababu kila mpira wake ni kizuizi kwa mwenzake.

Kwa hiyo ukiwa na mpira wako umesimama mdomoni mwa shimo, usiukimbilie. Hauendi popote, unamzibia lile shimo, na siku akikuficha unaweza kuwa ndio mpira rahisi kuufikia kupitia ukingo. Ingiza kwanza iliyo katikati ya meza na ile inayogusana, ya mdomoni iwe akiba.

Sasa ulinzi wenyewe. Ulio bora ni kuficha: mweupe nyuma ya mpira wako au nyeusi, asione hata mmoja wa kwake kwa mstari ulionyooka. Usipoweza, mwekee umbali, mweupe upande huu na mipira yake upande ule. Usipoweza na hilo, uache mweupe umenata ukingoni kabisa. Mweupe ulionata ukingoni unaonyesha sehemu ya juu tu, lazima ainue kitako cha fimbo, hawezi kuurudisha nyuma, na kakosa kadogo ka pembeni kanakuwa kakubwa mwisho wa safari. Ukipata viwili kwa pamoja, umbali na ukingo, hata bila kuficha umemwachia pigo baya sana.

Robo_Tatu

Nakazia. Niongeze kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu kuficha: kinachoficha ni ukaribu wa mweupe na kizuizi. Kwa mipira ya milimita 50.8 inayotumika kwenye meza nyingi za aina ya Kiingereza, pima kutoka kitovu cha mweupe hadi kitovu cha kizuizi. Sentimita 10, kizuizi kinafunga karibu digrii 30 kila upande. Sentimita 20, digrii 15 hivi. Nusu mita, inabaki kama digrii 6 tu, na hapo ukikosea sentimita mbili ameshaona mpira wake. Ndiyo maana anayejua hujitahidi mweupe ufike taratibu na kukaribia kugusa kizuizi, na hajali sana kama mpira wa mpinzani uko karibu au mbali.

kijana_wa_chaki

Mkuu shukrani. Swali: nikilinda, mpira mmoja unakaa vizuri ila mwingine unakimbia na kumfungulia. Nashika vipi yote miwili?

Robo_Tatu

Hushiki yote miwili, kaka. Unachagua mmoja. Huo ndio msingi wa ulinzi: amua kabla ya kuinama ni mpira upi lazima ukae mahali fulani hasa, na upi inatosha usikae pabaya.

Unene wa kugusa, yaani sehemu ya mpira wa lengo inayofunikwa na mweupe unapougusa, ndio unaogawa safari. Chukulia unapiga katikati ya mweupe kwa namna kwamba unapofika unateleza, haujaanza kubiringika:

Ukigusa robo tatu ya mpira, unaoguswa husafiri kama mara 15 ya umbali wa mweupe. Yaani mweupe karibu unabaki pale pale. Ukigusa nusu, unaoguswa huenda kama mara 3. Ukigusa robo, safari zinakaribiana, mweupe ukitangulia kidogo.

Hiyo ni kabla ya kingo kula mwendo, na ni kwa mipira yenye uzito sawa. Lakini picha iko wazi. Ukitaka mweupe utulie mahali, gusa nene na uache ule mwingine uzurure hadi upande wa pili wa meza. Ukitaka mpira wa lengo ndio utulie (mfano, uzibe shimo) na mweupe ukimbilie mbali, gusa nyembamba. Vijana wengi hulinda kwa kugusa nusu kwa sababu nusu ni rahisi kulenga, halafu wanashangaa mipira yote miwili inatembea. Nusu ndiyo mgawanyo mgumu kuliko yote kuudhibiti.

Ukiubiringisha mweupe badala ya kuutelezesha, hesabu zinabadilika: mweupe unaendelea mbele zaidi, na kuanzia mguso wa robo hadi robo tatu unapinda takriban digrii 30 kutoka njia yake ya awali. Hiyo ni zawadi, kwa sababu unaweza kutabiri mweupe utaelekea wapi hata kama unene umekosea kidogo. Kwa meza yenye kitambaa kibovu napendelea hili kuliko la kutelezesha.

Zoezi: weka mpira wa lengo katikati ya meza, kizuizi sentimita 15 pembeni mwa njia ya mweupe, na ujaribu kuulaza mweupe nyuma yake ndani ya upana wa kiganja. Usihamie zoezi jingine mpaka upate saba kwa kumi.

Pwani_Baridi

Salamu kutoka Mombasa. Hizo hesabu za uzito sawa zina mtego kwenye meza za sarafu. Meza nyingi za baa mweupe wake ni mdogo, milimita 47.6, ili mashine iutenganishe na kukurudishia ukiingia shimoni. Ni mwepesi kwa karibu moja ya tano kuliko mipira mingine. Matokeo yake ukigusa nene kabisa kwa pigo la kuusimamisha, hausimami. Unaruka nyuma kidogo, kama sehemu ya kumi ya mwendo uliofika nao. Kwa anayecheza kwa kuingiza hilo ni kero ndogo. Kwa anayelinda ndilo linaloutoa mweupe nyuma ya kizuizi.

Dawa yake: ukitaka ukae, piga juu kidogo ya kitovu, siyo katikati. Ukitaka urudi nyuma, piga chini kidogo kuliko ulivyozoea, unarudi kwa urahisi. Kuusukuma mbele ndiko kugumu.

Jambo la pili ni kitambaa. Huku kwetu hewa ya bahari inakifanya kizito, hasa usiku na msimu wa mvua. Pigo lililofika ukingoni mchana linaishia njiani usiku. Kabla ya fremu (mchezo mmoja) ya kwanza omba ruhusa, biringisha mweupe polepole kando ya ukingo mrefu, kwenda na kurudi, kisha kando ya ule wa pili. Angalia hatua mbili za mwisho kabla haujasimama. Kama meza imelala upande, hapo ndipo inajionyesha. Pigo la ulinzi ni la mwendo mdogo, kwa hiyo mteremko unaliathiri kuliko pigo la kuingiza. Ukishajua meza inavuta wapi, tumia: kwenye ukingo wa upande unaovuta mweupe unanata wenyewe.

Mkono_wa_Kushoto

Mnasahau kitu cha kwanza, sheria. Kwenye meza nyingi za mtaani faulo inampa mwenzako mikwaju miwili. Sasa nikifichwa vibaya, kwa nini nihangaike na kingo mbili? Nachukua fimbo, nasukuma mpira wangu mmoja ubane wa kwake, nampa mikwaju yake miwili. Hana cha kufanya nayo.

Nyeusi_Mwisho

Mkuu, kwa meza ya mtaani isiyo na makubaliano, sawa. Kwenye mashindano ya blackball, yaani mchezo huu huu wa makundi na nyeusi kwa sheria za kimataifa, utapoteza fremu pale pale. Kanuni inasema asiyefanya jaribio la wazi la kupiga mpira wa kundi lake amefanya kosa la kupoteza fremu. Hutakiwi lazima ufike, lakini jaribio lionekane ni la kweli.

Na ukihamia sheria za dunia za meza za Kimarekani, mambo ni mengine kabisa: faulo moja inampa mweupe mkononi, auweke popote mezani. Kumpa mchezaji mzuri mweupe mkononi ni sawa na kumpa fremu, isipokuwa mipira yake miwili imenata pamoja na hana njia ya kuibandua. Hapo faulo ya kukusudia inayozidisha mbano inaweza kuwa hesabu nzuri. Lakini ni hapo tu.

Hivyo kabla sarafu haijaingia, kubalianeni: faulo ni mkwaju mmoja au miwili? Mweupe unawekwa wapi? Baada ya kugusa, ni lazima mpira wowote ufike ukingoni au uingie? Kuruka juu ya mpira kunaruhusiwa? Nyeusi hutajwa shimo? Swali la tatu ndilo linaloua ulinzi wa watu wengi. Wanausukuma mpira polepole, mweupe unajificha vizuri ajabu, lakini hakuna kilichogusa ukingo. Faulo. Ukilinda, hakikisha unajua ni mpira upi utakaofika ukingoni na uupe mwendo wa kufika, hata kama ni sentimita mbili za ziada.

Tisa_Tu

Huku kwenye mipira tisa ulinzi una meno zaidi, kwa sababu mpinzani analazimika kupiga namba ndogo kwanza. Mpira mmoja tu wa kuficha! Na faulo tatu mfululizo ni kupoteza fremu, mradi ameonywa akiwa na mbili kabla ya pigo lake la tatu. Asipoonywa adhabu hiyo haipo, kwa hiyo sema kwa sauti inayosikika.

Mtu mwenye faulo mbili hachezi tena mchezo wake. Anataka kugusa tu. Hapo usihangaike kumaliza meza ngumu. Ukiwa na mweupe mkononi, mfiche tena, mwache ahangaike na kingo. Wengi huona aibu kushinda hivyo, sijui kwa nini, sheria imeandikwa.

Kingine ni pigo la kusukuma baada ya kuvunja. Ukilitangaza, si lazima uguse namba ndogo wala ukingo, halafu mpinzani anachagua apige yeye au akurudishie. Ukilitumia vizuri ni mtihani wa akili: mwachie pigo ambalo wewe unaliweza na yeye hulipenda lakini halimpendi. Anayejivunia kuruka mwachie la kuruka, ila mweupe ukae karibu sana na kizuizi. Asipokuwa na nafasi ya kuuinua, ujuzi wake haumsaidii. Kwenye blackball hangaiko hilo halipo, kuruka juu ya mpira ni faulo.

kijana_wa_chaki

Na upande wa akili? Kichwa cha uzi kinasema kumchosha akili. Baa ninayochezea watu wanaongea hadi unasahau kundi lako.

Mtazamaji_wa_Zamani

Tuanze na mdomo basi, maana una historia. Tarehe 14 Februari 1978, huko New York, televisheni ya Marekani iliwakutanisha Willie Mosconi na Rudolf Wanderone aliyejiita Minnesota Fats. Mmoja alikuwa bingwa wa dunia wa miaka mingi, mwingine mfalme wa maneno. Fats aliongea mwanzo hadi mwisho. Mosconi alikuwa na hasira waziwazi, na alishinda kirahisi. Kelele inamtikisa ambaye tayari hana uhakika na pigo lake. Mwenye pigo inamkera tu.

Kasi ni silaha kali kuliko maneno. Mashabiki wa snooker wanaikumbuka robo fainali ya dunia ya 2005 pale ukumbi wa Crucible, Sheffield, Uingereza. Ronnie O'Sullivan, mchezaji wa haraka, dhidi ya Peter Ebdon. Ebdon alipunguza mwendo kiasi kwamba zamu moja ya pointi 12 ilimchukua zaidi ya dakika tano, akashinda 13 kwa 11. Watu wanabishana hadi leo kama ilikuwa haki. Kwa maoni yangu kufikiri ni haki, kukaa bila kufikiri ili mwenzako apoe kitini siyo. Ndiyo maana mashindano makubwa ya mipira tisa sasa yana saa ya sekunde 30 kwa pigo, na nyongeza kila fremu.

Na uvumilivu: mwaka 1996, Hong Kong, Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walicheza mbio za kufika fremu 120 kwa dola 100,000. Reyes alishinda 120 kwa 117. Kwenye mbio ndefu kiasi hicho fremu moja mbaya haina uzito, lakini hasira ya fremu moja ukiibeba inakula kumi.

Nyeusi_Mwisho

Vizuri. Sasa ya vitendo, kijana.

Mbinu za mdomo zinajulikana, na hatari kuliko zote si matusi, ni sifa. "Leo mkono wako umenyooka sana, umebadilisha unavyoshika fimbo?" Pigo linalofuata unaanza kuutazama mkono wako mwenyewe, na umekwisha. Jibu ni "asante," kisha urudi kwenye utaratibu: simama nyuma ya mstari, amua pigo na mwendo, inama, mikupuo miwili au mitatu ya kupima, piga. Ukiinama shaka ikaja, inuka, paka chaki, uanze upya. Kupiga huku unabadilisha uamuzi ndiko kunakokosesha watu mapigo rahisi.

Kusimama kwenye mstari wa macho yake, kutikisa fimbo au kugonga chaki mezani akiwa ameinama, kuchelewesha makusudi: kanuni za dunia zinayaita mwenendo usio wa kiungwana na mwamuzi anaweza kukuadhibu hata kwa kukunyang'anya fremu. Baa haina mwamuzi, lakini ina watu wanaokumbuka.

Mbinu halali ziko mezani. Mojawapo ni chambo. Mwachie pigo linaloonekana: mpira wake mrefu, shimo wazi, mweupe ukingoni au karibu. Usimfiche kabisa. Mtu aliyefichwa anatulia, anahesabu, analinda. Mtu aliyeona shimo anapiga. Akikosa, mpira wake umekaa mdomoni mwa shimo au umefungua mkusanyiko wako, na mweupe umezurura katikati. Chambo kizuri ni kile ambacho hata akiingiza hana pigo la pili, kwa hiyo kagua kwanza: mweupe ukitoka pale utaishia wapi? Kama unaishia kwenye mipira yake mitatu, hujamtegea, umempa fremu.

Nyingine ni kumrudishia tatizo lile lile. Amelinda, wewe umelinda, amelinda. Kwenye vita hii anayeshinda ni ambaye kila pigo lake linaboresha kidogo, mweupe sentimita kumi karibu zaidi na ukingo, mpira mmoja zaidi umezibwa. Baada ya mizunguko mitatu au minne wengi huchoka na kupiga kwa nguvu ili liwalo na liwe. Usiwe wewe. Hasa kama kuna bia ya dau na watu wamezunguka meza wakipiga kelele "ingiza, ingiza!" Kelele hiyo inamsukuma anayecheza kwa ajili ya watazamaji.

Pwani_Baridi

Ongezea pigo la pande mbili. Unajaribu kuingiza kwa mwendo ambao ukikosa, mpira wako unabaki mdomoni unaziba, na mweupe umeshafika upande wa pili. Yaani ukiingiza unaendelea, ukikosa umelinda. Mweupe ndio uupe mawazo zaidi kuliko shimo.

Na nikifichwa, kutoroka kwa ukingo mmoja ni hivi: chukua umbali wa mpira wako kutoka ukingoni, uuhamishe nje ya ukingo kwa umbali ule ule, lenga hapo kama vile kuna kioo. Mwendo wa wastani, bila kupiga pembeni. Ukipiga kwa nguvu mweupe unarudi kwa pembe iliyobana na utapita mbele ya mpira. Kama njia ni mbili, chagua ile ambayo hata ukiugusa au ukikosa, mweupe hauishii katikati ya meza.

kijana_wa_chaki

Swali la mwisho wakuu. Kuna jamaa nikibakiwa na nyeusi anaanza kufungua fimbo yake vipande viwili, anaiweka kwenye mfuko. Ni heshima au mchezo wa akili?

Tisa_Tu

Kwenye mashindano, ukifungua fimbo unayochezea mpinzani akiwa mezani kwenye fremu ya kuamua, umekubali kushindwa. Kwa hiyo kama kuna mwamuzi, mwite, mchezo umekwisha.

Nyeusi_Mwisho

Baa muulize tu, "umekubali?" Akisema ndiyo, mpe mkono, usipige nyeusi. Akisema hapana, mwambie aiunganishe fimbo kwanza, usubiri akae, kisha uanze utaratibu wako tangu mwanzo kama vile hujainama bado.